Dogo USIPUSHE kwanza, kijani cha edita kilinikata milioni 1.9

Mbukwa, salamu yetu ya Kigogo, baadaye. Umeandika testi 42 za Java zote kijani, yaani zimepita, kwenye edita yako IntelliJ, ila ukipiga mvn test, yaani Maven, chombo cha bildi, iziendeshe yenyewe, inakuambia Tests run: 31 na BUILD SUCCESS, unauliza hizo 11 zina shida gani maana Ijumaa unakabidhi mfumo, halafu uhamie Gradle, chombo kingine cha bildi, au ubaki, halafu laptopu ya giga 8 inatosha au la. Nimesoma nimesikia tumbo linanikata. Hizo 11 hazijafeli na hazijapita, hazijaendeshwa KABISA, na Maven haikuambii kwa sababu kwa upande wake hazipo.

Mimi yalinikuta msimu wa alizeti. Nilitengeneza kamfumo ka mizani kwa wanunuzi fulani njia ya Kongwa huko, fuso inapima, mfumo unachukua bei ya tarehe ile, risiti inatoka, mkulima analipwa. Basi. Bei ikibadilika inaanza saa sita usiku. Na mimi si mjinga, niliandika testi ya hilo hilo, nikagandisha saa kwenye saa saba na nusu usiku wa tarehe 18 nikauliza mfumo leo ni tarehe ngapi, ukajibu 18, kijani. Nikalala.

Sasa sikiliza. Ile testi ilikuwa inasoma ZoneId.systemDefault(), yaani saa za mashine yoyote inapoendeshwa. Laptopu yangu iko Dodoma, masaa matatu mbele ya UTC, ile saa ya kimataifa. Seva iko UTC. Saa saba na nusu yetu usiku, kule ni 22:30 ya JANA. Kwa hiyo kila siku kuanzia saa sita usiku mpaka saa tisa usiku seva yangu ilikuwa inaishi jana, na mashine ya bildi nayo ilikuwa UTC, maana yake testi ile ingeendeshwa pale ingefeli mara moja ikanipigia kelele nikaokoka. Haikuendeshwa. Kisa? Niliipa klasi jina BeiYaUsikuKagua. Kiswahili safi, najiona mzalendo! Maven kupitia Surefire, kifaa chake cha kuendesha testi, inaokota klasi kwa jina, lianze na Test au liishie na Test, Tests au TestCase, nje ya hapo inapita kama haijakuona. IntelliJ yenyewe haina habari na jina, ikiona alama ya @Test imo ndani tu inaendesha. Makosa mawili yanafunikana, moja linamshikia mwenzake mlango.

Usiku bei iliposhuka kutoka 900 kwenda 850 zilishusha fuso 5, tani 38, zote ndani ya yale masaa matatu. Karani pale mizani, upepo wa mwezi wa sita unajua ulivyo, kajifunga blanketi na tochi ya simu, aliiona risiti imeandikwa tarehe 17, akaniambia baadaye alidhani kompyuta inahesabu usiku ule bado ni wa jana. Na wakulima nani atalalamika akilipwa zaidi? Mhasibu ndiye aliyekuja kunitandazia risiti mezani, kapiga duara kila tarehe kwa biki nyekundu, hasemi kitu, anazisukuma moja moja kuja kwangu. Shilingi 50 mara kilo 38,000, piga mwenyewe. Ikatolewa kwenye malipo yangu ya mwisho, nikabaki na nauli na kigaloni cha mafuta ya alizeti walichonipa kwa huruma. Mafuta yalikuwa mazuri lakini.

Kinachoniuma zaidi ni kaka mmoja aliyetufundisha darasa la jioni, tena tulimlipa, alikuwa na msemo wake "edita ikiwa kijani pusha, bildi ni ile ile tu". Ile ile wapi?! Edita na bildi ni mafundi wawili, kila mmoja na rula yake. Nilimpigia nikamweleza akasema "ndo kujifunza huko". Hela si yake.

Kwa hiyo usinipe skrinshoti za kijani. Kabla ya kupusha funga edita, fungua terminali, piga

mvn clean verify -DargLine="-Duser.timezone=UTC"

hiyo UTC mwishoni inazipa testi saa za UTC kama za seva yangu, halafu SOMA ile namba ya Tests run uilinganishe na ya edita. Zikipishana hata moja hukabidhi, Ijumaa au si Ijumaa. Hiyo verify usiibadilishe na test, kwa sababu klasi zinazoishia na IT zinaendeshwa na Failsafe, mwenzake Surefire, na kama hujaiweka kwenye pom.xml, faili la mipangilio ya Maven, haziendeshwi na yeyote, nahisi baadhi ya 11 zako ziko humo. Nyingine angalia kama umechanganya JUnit 4 na 5, ile maktaba ya testi, bila injini ya vintage inayoendesha zile za 4, edita inaziendesha zote, Maven inaziruka za zamani kimya kimya. Na kama unatumia Windows, Bei.csv na bei.csv kwako ni faili moja, kwa Linux ni mafaili mawili.

Saa za mfumo andika wazi ZoneId.of("Africa/Dar_es_Salaam"), usitafute Africa/Dodoma haipo, makao makuu tumehamishiwa ila saa imebaki Dar, na ukichimba ile Dar yenyewe ni kiungo tu cha Africa/Nairobi, tusigombane.

Gradle sijui umeuliza nini pale juu, badili jina la klasi kwanza. Jioni weka hapa ule mstari wa Tests run kama ulivyo, kutoka terminali.