Amepandikizwa uloto, mbona kipimo bado kinasoma AS?

Swali: Daktari, mwanangu wa kiume ana miaka 11. Alizaliwa na selimundu, na miaka 2 iliyopita alipandikizwa uloto wa dada yake. Tangu hapo hajashikwa na maumivu wala kuongezewa damu. Juzi kipimo cha hemoglobini kimesoma AS. Je, ugonjwa unarudi? Na akioa, watoto wake watakuwa salama?

Jibu: Mama, pole kwa hofu hiyo. Kwanza tafuta majibu ya dada yake ya wakati mlipokuwa mnatafuta mchangiaji. Kama ni AS, yaani ana kirithi kimoja cha kawaida (A) na kimoja cha selimundu (S), tulia: uloto, ute wa ndani ya mifupa, ndio unaotengeneza damu, kwa hiyo mwanao sasa anatengeneza damu ya dada yake, hawezi kusoma AA, yaani asiye na S kabisa. Mgonjwa ana S mbili (SS); mwenye AS haugui selimundu, ndiyo maana tunamkubali achangie. Kama dada ni AA, au hemoglobini S ya kijana imezidi ya dada yake, rudini kliniki mapema wapime ni sehemu gani ya damu yake inatoka kwa mchangiaji.

Matokeo ya miaka mingi yanatia moyo sana. Uchunguzi wa kimataifa uliochapishwa 2017 uliwafuatilia wagonjwa 1,000 waliopandikizwa uloto wa ndugu anayelingana nao, kati ya 1986 na 2013. Miaka 5 baadaye, takriban 93 kati ya kila 100 walikuwa hai, wengi mno bila ugonjwa, na waliopandikizwa kabla ya miaka 16 walifanya vizuri zaidi. Hata hivyo, kama 14 kwa 100 walipata tatizo sugu la seli za mchangiaji kuushambulia mwili. Ngozi ikikakamaa, macho yakikauka au pumzi ikimwishia, msingoje tarehe ya kliniki.

Damu imepona, lakini nyonga iliyokwisha kuoza au ubongo uliopata kiharusi haurudi ulivyokuwa. Chanjo za utotoni nazo hurudiwa, maana kinga yake imeanza upya.

Kuhusu watoto, hili wengi hawaambiwi: uloto umebadilika, mbegu zake za uzazi hazijabadilika, bado zote zinabeba S. Kila mtoto atapokea S moja kutoka kwake. Akioa mwenye AA, wote watakuwa AS, wazima. Akioa mwenye AS, kila mimba ina nusu kwa nusu ya kupata mgonjwa. Tena dawa kali za kabla ya kupandikiza zinaweza kupunguza uzazi wenyewe, kwa hiyo akianza kubalehe omba apimwe homoni, na umweleze mwenyewe kwa nini.