Babu yako na safari ya Lamu

Mwanangu Salim,

Baada ya salamu. Umeniuliza mbona siku ile Ngomeni, pale Fort Jesus Mombasa, nilimkemea Athman mpaka akalia, kisha nikakwambia ufute picha. Kwenye simu nilikujibu ni jua. Jua halikuwa na kosa.

Siku yenyewe ilianza vyema. Athman alipouliza kama Yesu aliishi humu, mamake alicheka hadi akaegemea mzinga. Yule kijana aliyetutembeza alikuwa hodari, akatupanga vizuri: Wareno walianza kujenga 1593, ramani ikachorwa na Cairati, Mtaliano, kisha Waomani wakaizingira ngome tangu 1696 hadi wakaitwaa 1698. Wewe ulivutiwa na vyombo vilivyoopolewa kwenye merikebu ya Santo António de Tanná, iliyozama hapo mbele 1697. Mimi nilikuwa nangojea afike kwa Waingereza. Alipofika, alisema neno moja tu: kuanzia 1895 waliigeuza jela, hadi 1958. Kisha akatupeleka kwenye mifupa ya nyangumi.

Hapo ndipo Athman alipobana mgongo ukutani, akakutanisha mikono kama aliyetiwa pingu, nawe ukatoa simu.

Babu yako alifungwa humo, Salim. Miezi miwili, kwa kodi ya kichwa. Alikuwa hamali Kilindini, kazi ya leo ipo kesho haipo, na mwaka huo kesho zilikuwa nyingi. Bibi yako akawaambia majirani kuwa mumewe amepanda jahazi kwenda Lamu. Mimi nilikuwa na miaka sita hivi, na niliujua ukweli kwa sababu ndiye niliyebeba bakuli. Lilikuwa la bati, la samawati, limeng'oka rangi ukingoni. Ndani muhogo wa nazi, juu limefungwa leso. Tulisimama langoni asubuhi, askari akafungua leso, akachokora muhogo kwa kijiti, akaufunga tena. Alifunga vizuri kuliko mama. Baba hatukumwona.

Alipotoka alipita sokoni kwanza, akaja na kikapu cha maembe. Akagawa mtaa mzima: "Ya Lamu hayo." Watu wakala, wakasifu. Hadi leo sijui ni nani aliyeamini. Tangu hapo, akiwa na haja Mji wa Kale, alizunguka njia ya mbali asilipite lango lile, na sisi watoto tukazunguka naye bila kuuliza.

Na wewe je, mara ngapi nimekusimulia babu yako alivyokwenda Lamu kwa jahazi, pepo za kaskazi, mawimbi kama nyumba? Yote nilikuwa natunga. Nilianza kumsitiri yeye, halafu nikaona hadithi ni tamu, nikaongeza hata papa. Papa ni wangu mwenyewe.

Kwa hivyo nilipoona mtoto mwenye paji la uso lile lile la babu yako amebanwa ukutani anachekelea, ulimi ulinitangulia. Athman hakukosa. Yeye alikuwa anacheza.

Ijumaa mlete, nimnunulie dafu, nimweleze mwenyewe. Na ile picha, kama hujaifuta, nitumie.

Babako.