Misaada ikikatwa mtoto wa Mwanza inamhusu vipi

Dada umeuliza misaada ya nje ikikatwa inamhusu vipi mtoto wa Kayenze, huku Mwanza kando ya ziwa, wakati serikali ipo na shule ni bure. Inamhusu sana tena sana. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake kwa siku 90, Julai mwaka huohuo USAID, shirika lake la misaada, likafungwa, sasa huku mialoni, yaani wanakotua wavuvi na samaki, ambako VVU ni tatizo kubwa kuna wahudumu wa jamii wanaopita nyumba kwa nyumba na posho zao zilikua zinategemea miradi ya wafadhili, dawa inaweza kuwepo kituoni lakini mama anaanika dagaa toka alfajiri, nauli hana, wa kumkumbusha hayupo, mtoto anakosa kliniki, na dozi zikirukwa virusi vinapanda. Hapo ndo roho inaniuma.

Na hiyo bure yenyewe, ada imefutwa hadi kidato cha nne tangu 2016 sawa ila sare, madaftari na uji wa shuleni bado ni mzazi, na ruzuku ya shule ya msingi iliwekwa shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka mzima, chaki hiyohiyo, ukarabati huohuo.

Ila kwa mama asiye na nauli kuna pa kuanzia, halmashauri inatakiwa itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya kina mama, vijana na wenye ulemavu. Kama mna kikundi nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, msisubiri kuitwa.