Bunduki ya bolti ya bei nafuu: ya kununua au ya kuacha?

Ndugu wa Kiruhura ameuliza kama anunue bunduki mpya ya bolti (ile unayoipakia kwa kuvuta na kusukuma bolti kwa mkono kila risasi) ya bei ya chini, kaliba .308, kitako cha plastiki, iliyokuja na darubini ya 3-9x40 (inayokuza mara 3 hadi 9) imeshafungwa, au asubiri mpaka apate hela ya bunduki ya Ulaya. Anataka swala pala na ngiri, na siku moja nyati. Kwa swala na ngiri ninamwambia anunue, mradi bunduki ipite majaribio nitakayoeleza. Darubini iliyokuja nayo aihesabu kuwa sifuri, na kwa nyati asahau bunduki hiyo kabisa.

Karatasi kwanza. Wanyamapori wa Uganda ni mali ya serikali hata wakilala ndani ya ua wa shamba lako, na Sheria ya Wanyamapori ya 2019 haina mchezo. Uwindaji wa kitalii uliorudishwa kwa majaribio kandokando ya Ziwa Mburo mwaka 2001 unapitia UWA (mamlaka ya wanyamapori ya Uganda) na kampuni zilizopewa leseni. Usilipe hata amana ya bunduki kabla ya polisi kukupa kibali. Wapo watu ambao hela yao imekaa dukani kwa muuzaji mwaka mzima.

Sasa bunduki yenyewe. Wengi wanadhani bei ikishuka mtutu ndio unaoharibika wa kwanza. Sivyo. Mitutu ya siku hizi hutengenezwa kwa mashine zenye usahihi mkubwa, na bunduki kama Savage Axis hufungwa mtutu kwa nati kubwa, kwa hiyo fundi wa kiwandani huweka nafasi ya chemba (chumba cha risasi mwanzoni mwa mtutu) kwa geji (kifaa cha kupimia), anakaza nati, amemaliza. Zamani kazi hiyo ilihitaji fundi mzoefu na saa nyingi. Ndiyo maana bunduki ya bei nafuu yenye risasi inayoipenda huweka matundu yake ndani ya sentimita 3 hadi 5 kwenye mita 100. Eneo la moyo na mapafu la swala pala lina upana wa kama sentimita 15. Hata matundu yakisambaa sentimita 5 kwenye mita 100, kwenye mita 200 yatakuwa kama 10, bado ndani ya swala. Hitaji lako haliendi mbali zaidi ya hapo.

Unafuu umekatwa mahali pengine: kitako, magazini, triga, na darubini.

Anza na kitako. Shika bunduki tupu, pitisha noti ya karatasi kati ya mtutu na kitako kuanzia mbele kurudi nyuma. Ipite bila kukwama mpaka karibu na chemba. Kisha bana sehemu ya mbele ya kitako pamoja na mtutu kwa mkono mmoja. Plastiki ikipinda ikagusa mtutu, ujue ukiegemeza bunduki juu ya gogo au begi risasi itakwenda pengine kuliko ulipolenga, kwa sababu mtutu unasukumwa upande mmoja unapotetemeka. Dawa yake ni kukwangua plastiki kwa msasa hadi nafasi ifike kama milimita 2, na kuegemeza karibu na magazini, si kwenye ncha. Ruger American imeweka vipande viwili vya chuma ndani ya kitako vinavyobeba kiini cha bunduki (chuma kinachoshika bolti na mtutu), na kwangu mimi hiyo ni sababu nzuri ya kuichagua kati ya wenzake wa bei hiyo.

Magazini ndiyo inayokatisha watu tamaa. Nyingi ni za plastiki, za kuchomoa, risasi 3 au 4. Jaribu kwa risasi bandia: jaza, sukuma bolti polepole, halafu haraka, halafu kwa nguvu, na tena bunduki ikiwa imelala ubavu. Ncha ya risasi ikigonga ukingo wa chemba, tazama midomo ya magazini. Iliyopinda huinua risasi upande mmoja. Ikikwama mara mbili kati ya mara ishirini, rudisha. Ukinunua, nunua magazini ya pili siku hiyohiyo, maana ukiipoteza moja porini Karamoja hutaipata Moroto wala Mbale, na bunduki yako itabaki ya risasi moja moja.

Triga na sefti (kitufe cha usalama), hapa usione aibu mbele ya muuzaji. Hakikisha chemba ni tupu kwa jicho na kwa kidole, elekeza mdomo wa mtutu pasipo na mtu, koki (inua bolti, ivute, isukume, uifunge). Washa sefti, vuta triga kwa nguvu, achia, kisha toa sefti bila kugusa triga. Ukisikia mlio wa pini (ile inayogonga risasi), bunduki hiyo ni hatari, iache hapohapo hata kama wanapunguza bei. Halafu koki tena, sefti imetolewa, gonga kitako mara kadhaa kwa nyundo ya mpira, na funga bolti kwa nguvu mara kumi. Pini isianguke hata mara moja. Uzito wa triga wa kilo 1.5 hadi 2 unatosha; chini ya hapo, mkono wenye jasho wa mtu aliyekimbia utafyatua kabla ya wakati.

Darubini za bure nyingi hazishiki alama, yaani hazibaki pale ulipozirekebisha. Ijaribu hivi: lenga katikati ya karatasi mita 100, piga, zungusha kirekebishi cha darubini kliki 20 juu, piga, 20 kulia, piga, 20 chini, piga, 20 kushoto, piga. Mara zote lenga nukta ileile. Darubini ya robo dakika (dakika ya pembe, si ya saa) husogea kama milimita 7 kwa kliki, kwa hiyo utachora mraba wa karibu sentimita 14 au 15, na tundu la mwisho likae juu ya la kwanza. Mraba ukipinda, au tundu la mwisho likikosa kurudi, usipoteze risasi zaidi. Lakini kabla ya kuilaumu, kagua skrubu. Mara nyingi tatizo ni kulegea kwa besi, kile kipande kinachofungwa kwenye bunduki kubeba darubini. Toa pete zinazoshika darubini, futa mafuta yote kwenye matundu, kaza skrubu za besi nyutoni-mita 2.3 hadi 2.8, za pete kama 1.7 hadi 2, kwa bisibisi yenye kipimo. Ukikaza kwa hasira utaminya bomba la darubini. Hela uliyookoa kwenye bunduki iende hapa.

Kwa risasi, tafuta aina mbili tofauti za greni 150 hadi 165 (kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi), za kupanuka ndani ya mnyama, si za kijeshi zenye koti zima, ambazo hutoboa swala na kumwacha akimbie akafie kichakani. Mtutu mwembamba ukipata joto hutawanya, kwa hiyo piga tatu, ngoja upoe, piga tena. Na lililo muhimu kuliko kundi lolote la matundu ni risasi ya kwanza ya mtutu baridi: ipige asubuhi tofauti kwenye karatasi ileile na utunze karatasi hiyo. Mnyama atakutana na risasi hiyo, si ya tano. Ukirekebisha darubini risasi ipige ulipolenga mita 100, .308 ya greni 150 itashuka kama sentimita 10 hadi 13 kwenye mita 200. Zaidi ya hapo sogea karibu.

Ukipewa iliyotumika, mambo mawili zaidi: mdomo wa mtutu usiwe na mkwaruzo, na fundi apime chemba kwa geji mbili, ya kipimo cha chini na ya kipimo cha juu, bolti ifunge kwenye ya kwanza, igome kwenye ya pili. Bunduki za zamani zilizopigwa risasi za kijeshi za kale zenye chumvi kwenye fataki (sehemu inayowasha baruti) huoza ndani huku nje ziking'aa, kwa hiyo peleka tochi.

Chuma cheusi cha bei nafuu kina kinga nyembamba. Karibu na Ziwa Victoria kitatoka kutu ndani ya mfuko wa sponji kwa usiku mmoja wa mvua. Futa kwa mafuta kila jioni, na bunduki ihifadhiwe kavu, nje ya mfuko.

Nyati ni habari nyingine. Nchi nyingi za Afrika zinadai .375 na kuendelea, na bolti yenye kucha kubwa ya Mauser inayoshika risasi tangu inapotoka kwenye magazini haitaiacha katikati hata mkono ukitetemeka. Zastava M70 ina mfumo huo kwa bei ya kuvumilika. Ukitaka nyati, weka akiba kwa ajili ya hiyo, na mwache mwongozaji mwenye leseni asimame ubavuni mwako na ya kwake.