Sneki planti haiuawi na kiu, inauawa na maji

Juzi usiku dada mmoja wa Buhongwa kanitumia picha wasapu, majani ya sneki planti yake, ule mmea wa ndani wenye majani marefu yanayosimama wima, yamelala kama vitunguu vilivyoiva sufuriani, eti "dada mche ulioniuzia ulikuwa mbovu". Na saluni keshawatangazia. Roho imeniuma siwafichi, maana ule mche niliugawa kwenye mama yake ambao uko sebuleni kwangu Nyegezi mpaka leo na hauna hata doa. Nikamuuliza swali moja tu, unamwagilia lini? "Kila asubuhi nikishadeki." Mwezi wa nne huu jamani, hata nguo kwenye kamba hazikauki!

Shida tunafuata wale wa Youtube wanaosema punguza maji disemba mpaka februari kwa sababu ya baridi. Hiyo baridi ni ya kwao Ulaya. Sisi Mwanza joto halipishani sana mwaka mzima, msimu wetu ni mvua. Masika machi mpaka mei, na vuli ikianza oktoba, udongo ndani ya nyumba unachelewa kukauka, mwezi mzima unaweza ukapita hujamwagilia na mmea hauna habari. Asili yake Afrika Magharibi, maji yake mmea wenyewe unayatunza kwenye majani na lile shina nene la chini ya udongo, na vitundu vyake vya kupumulia unavifungua usiku ili mchana usipoteze maji, sasa wewe unaukimbilia na jagi la nini? Juni mpaka septemba ndo kikavu, hapo mwagilia kila baada ya wiki mbili tatu, ila chomeka kidole kwanza, ukikuta unyevu acha. Na ufute majani, vumbi la kiangazi halina adabu.

Wote tunataka sebule ya kijani ila subira hatuna. Mimi leo napeleka miche maofisini mjini kwa sababu naangalia udongo kabla ya kushika maji. Vyungu vizuri visivyo na tundu chini, acheni. Maji, punguzeni.

Dada, ung'oe, kata kote kulikolainika, acha vidonda vikauke siku kadhaa kivulini, halafu panda kwenye udongo wenye mchanga mwingi. Kikibaki kipande cha shina kizima chenye jani, hicho ndo chako. Ukipandikiza jani peke yake litaota, ila kama wako una ile njano ya pembeni mwa majani, hupati tena, utatoka kijani mtupu.