Kabla Hujashika Pasiwadi ya Serikali

Wadogo zangu mnaoanza kuvuka asubuhi kwenda Mokowe, makao ya kaunti yetu ya Lamu, na barua mpya za ajira, hongereni. Wiki ya kwanza mtaonyeshwa kiti, mtajulishwa chai hupatikana wapi, na mtapewa pasiwadi. Ni wachache watakaowaambia mnawajibika kwa jambo gani, kwa nani, na ndani ya muda gani. Nami nimekaa kwenye kazi hizi za umma kiasi cha kujua kwamba wajibu usiotajiwa muda wala mhusika huachwa ukielea, na siku mambo yakiharibika hutafutwa aliye mdogo ofisini.

Tuanze na hiyo pasiwadi. Iko siku mkubwa atakuwa Nairobi kwenye kikao, malipo yanangojwa, na simu italia: "Hebu ingia kwa jina langu uyapitishe." Kwetu huku kumkatalia mkubwa ni mzigo, hilo nalijua. Lakini mfumo hauandiki kwamba ulitumwa. Unaandika jina, saa na kilichofanywa, basi. Katika sakata ya NYS (Huduma ya Vijana kwa Taifa) ya mwaka 2015, ile ya shilingi milioni 791, swali mojawapo kubwa lilikuwa nani alitumia pasiwadi ya nani ndani ya IFMIS, mfumo wa kompyuta wa fedha za serikali. Kwa hiyo jibu kwa adabu: "Sawa mzee, nitumie barua pepe kwamba nakaimu, na watu wa kompyuta wanifungulie ruhusa kwa jina langu." Kazi itafanyika, na wewe utakuwa umelala kwa jina lako mwenyewe.

Ipo mipaka miwili ya muda ya kuishika kichwani. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018 inataka shambulio liripotiwe kwa kamati ya kitaifa inayoratibu masuala hayo ndani ya saa 24. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka taarifa za watu zikivuja na kukawa na hatari ya kuwadhuru, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 tangu ofisi ilipojua, na ikichelewa ieleze sababu. Si wewe utakayeandika ripoti hizo. Ila saa zinaweza kuanza kwako, pale ulipofungua kiambatisho cha ajabu na kompyuta ikaanza kujiendesha. Siku ya kwanza uliza: nikiona jambo la namna hiyo nampigia nani, na ikiwa ni Ijumaa jioni? Ukiambiwa "tutaona", andika kwamba uliuliza.

Usidhani uvujaji ni kazi ya wadukuzi wa mbali tu. Mwingi unatoka mezani kwetu: orodha ya wanafunzi wa basari, pamoja na nambari za vitambulisho na simu za wazazi, inarushwa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa "ili watu waone uwazi". Uwazi ni kueleza fedha zimegawanywa kwa vigezo gani. Nambari ya kitambulisho cha mama wa Kizingitini haimhusu mtu wa kundini. Na picha za watoto wakipokea hundi, ulizeni idhini ya wazazi kwanza. Mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini hiyo.

Kuna na upande wa mwananchi aliyesimama dirishani. Julai 2023 eCitizen, tovuti ya serikali ya kuombea huduma, ilizidiwa na shambulio la kundi lililojiita Anonymous Sudan: mfumo ulimiminiwa maombi mengi ya uongo mpaka ukashindwa kuwahudumia wenye haja. Serikali ilikiri, ikasema hakuna data iliyopotea. Sawa, lakini mtu aliyetoka Faza kwa nauli ya boti hajali data ya Nairobi ikoje. Anataka kujua arudi au asirudi. Wekeni daftari. Andikeni jina, haja yake, saa aliyofika, na mumpigie mfumo ukirudi. "Mtandao uko chini" si jibu la mtumishi wa umma, japokuwa ndilo tunalolisema zaidi.

Mwananchi akiomba habari, ofisi ina siku 21 za kumjibu chini ya sheria ya 2016 ya kupata habari, na saa 48 ikiwa uhai au uhuru wa mtu uko hatarini. Anaweza kuandika kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika anaruhusiwa kusema kwa mdomo, nawe ndiye wa kuyatia maandishini. Msimrudishe mzee kutafuta mwandishi wa barua.

Sasa haki na usawa, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Mtafundishwa hesabu: Katiba inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili kwenye vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa, inataka asilimia 5 ya nafasi hizo ziwafikie watu wenye ulemavu hatua kwa hatua, nayo Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia ziende kwa wasiotoka jamii kubwa ya kaunti. Mkaguzi Mkuu huzitazama hesabu za aina hiyo. Ila hesabu hupikwa mapema, wakati wa kupanga. Usaili ukiitishwa saa mbili asubuhi Mokowe, na tangazo likabandikwa siku tatu kabla, msichana wa Kiunga, kule karibu na mpaka wa Somalia, ameshaondolewa bila mtu kumkata jina. Na mwenye kiti cha magurudumu atashukaje kwenye boti maji yakiwa yametoka? Ukipewa kazi ndogo ya kupanga tarehe na mahali, hapo ndipo usawa uliposhikwa na mkono wako. Tazama na ratiba ya boti.

Kuhusu kusaidiana kazini, nitasema la mwenzetu anayejifungua. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa miezi mitatu ya likizo yenye malipo, na baba wiki mbili. Lakini kwa kuwa hakuna aliyeteuliwa kukaimu, anapigiwa simu akiwa kitandani: "Pasiwadi ya faili la mishahara ni ipi?" Tazama simu hiyo moja imevunja mangapi. Usalama wa data umekwenda, haki yake ya likizo imekwenda, na aliyebaki ofisini amebebeshwa kazi isiyo na barua. Ukiwa wewe ndiye unayeondoka, mwezi mmoja kabla omba kwa maandishi mtu wa kukaimu, na ukabidhi kwa orodha iliyotiwa sahihi na wote wawili. Ukiwa ndiye unayebaki, usimpigie.

Wakubwa wanaosoma haya nao wasikie: kijana aliyebonyeza kiungo cha matapeli akijua atafokewa mbele za watu, ataizima kompyuta na kunyamaza hadi Jumatatu. Saa 24 zimepita. Ofisi inayomsikiliza mfanyakazi hupata habari mapema. Na ofisi yenye wafanyakazi 20 au zaidi lazima kisheria iwe na sera ya kupinga unyanyasaji wa kingono. Iombeni muisome, na muangalie kama inamtaja mtu wa kupelekewa malalamiko, si cheo chake tu.

Mwaka wa fedha unafungwa Juni 30. Wakaguzi wakija, Afisa Mkuu ndiye atakayejibu, lakini barua watakazoulizia ziko kwenye kabati lako: barua ya kukaimu, daftari la waliofika mfumo ukiwa chini, orodha ya usaili, nakala ya ripoti iliyotumwa kwa Kamishna na saa ilipotumwa. Anzeni kuzipanga tangu Julai, mwaka unapoanza, kila moja kwa tarehe, na nakala nyingine iwekwe nje ya kompyuta yako.