Breki zinashika? Kabla hujanunua kalipa fungua nipeli kwanza

Vijana mnaoanza gereji, hili nawaandikia nyie maana nimechoka kuona mteja ananunulishwa spea ambayo gari lake halikuihitaji. Breki zikianza kushika, yaani zinabaki zimebana hata ukiachia pedali, kwenye gari la zamani, tuseme hizi Corolla 110 ambazo bado zimejaa barabarani, fundi mchanga anakimbilia kusema kalipa (ile inayobana pedi kwenye diski) imekufa. Inaweza kuwa kweli, ila kuna vitu vingine vinne vitano vinaleta dalili ileile kabisa, na kuvitofautisha hakuhitaji mashine ya kupimia.

Mi mwenyewe nilishawahi kumuumiza mtu hivi. Jamaa alikuja na Corolla kutoka Kibaha, tairi la mbele kushoto rimu haishikiki kwa moto na harufu ya pedi unaisikia ukiwa mita tatu. Nikamwambia kalipa, akanunua, nikafunga, nikatoa upepo, akaondoka. Siku ya pili karudi, tairi lilelile, moto uleule. Tatizo lilikuwa mpira wa breki, ule unaotoka kwenye paipu ya chuma kwenda kwenye kalipa. Nilipoukata nikakuta ndani umevimba hadi tundu limebaki kama la sindano. Ukikanyaga pedali nguvu ya mguu inasukuma fluidi inapita, ukiachia hakuna cha kuirudisha, kwahiyo presha inabaki imefungiwa kule chini na pedi zinaendelea kubana. Kwa nje mpira ulikuwa mzima kabisa, hauna hata ufa. Hela ya kalipa ilimuuma yule mzee na ilikuwa haki yake.

Sasa fanya hivi. Kwanza muulize dereva, usiguse kitu. Gari linavuta upande? Asubuhi liko huru alafu linazidi kubana kadri anavyotembea? Nani aliongeza fluidi mara ya mwisho? Linaposhika tairi moja tu, angalia vitu vya tairi hilo. Yakishika mbele yote mawili au yote manne, acha kuhangaika na kalipa, panda juu kwenye masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedali) na busta (inayoongezea mguu nguvu).

Alafu lipeleke barabarani mpaka lishike, maana gari lililopoa litakudanganya. Piga jeki, weka stendi (jeki peke yake usiiamini hata siku moja), gia iwe huru, zungusha tairi kwa mkono. Mkwaruzo kidogo wa pedi ni kawaida, ila lisipozunguka au likizunguka kwa kulazimishwa, hapo umelipata. Na kama linazunguka vizuri ila rimu ilikuwa ya moto, litikise juu na chini usikilize bearingi, nayo inachoma rimu vilevile.

Tairi likiwa limeshika, legeza nipeli ya kutolea upepo, mara nyingi ni spana namba 10, baadhi ya gari namba 8. Angalia kwa makini inavyotoka. Fluidi ikiruka kwa nguvu na tairi likaachia palepale, kalipa yako ni nzima, presha ilikuwa imefungiwa. Funga, kanyaga pedali lishike tena, safari hii legeza nati ya paipu ya chuma pale inapoungana na mpira. Likiachia, tatizo liko juu kwa masta. Lisipoachia, ni mpira wenyewe. Ila ukifungua nipeli fluidi ikachuruzika tu bila nguvu na tairi bado limebana, hapo ndo pistoni imeganda au pini za kalipa zimekauka.

Hizo pini watu wengi wanazidharau. Chomoa zote mbili, kalipa inatakiwa iteleze kwa vidole. Ukiona pedi ya ndani imeisha na ya nje bado nene, jibu unalo. Safisha, msasa laini, paka grisi ya silikoni. Usipake grisi ya bearingi, inavimbisha mipira. Pistoni nayo, kama mpira wa vumbi umechanika na chuma kina vishimo vya kutu, kusugua ni kujidanganya, inabadilishwa.

Upande wa masta, pedali lazima iwe na uhuru kidogo kabla haijaanza kusukuma. Fimbo ya busta ikiwa ndefu, na hii inatokea sana mtu akifunga masta ya modeli nyingine, kile kitundu cha kurudishia fluidi kwenye chupa kinabaki kimezibwa. Fluidi ikipata moto inatanuka, haina pa kwenda, inasukuma pedi yenyewe. Ndo lile gari linaloshika kadri linavyotembea. Legeza nati za masta, isogee mbele milimita mbili, breki zikiachia umeshajua.

Kingine kibaya zaidi ni mtu kaongeza oili ya injini au ya pawa stelingi kwenye chupa ya breki. Chota kidogo, dondoshea kwenye glasi ya maji. DOT 3 inachanganyika na maji, oili inaelea juu. Ikielea, mwambie mwenye gari ukweli hata kama atanuna, mipira yote kuanzia masta mpaka magurudumu imeshaharibika, kubadilisha fluidi peke yake hakusaidii. Na fluidi nzuri yenyewe inafyonza unyevu, DOT 3 mpya inachemka kwenye nyuzi 205, ikishakula maji kiwango chake kinaweza kushuka hadi 140, sasa fikiria mtu anashuka mlima Kitonga na breki zinazoburuza.

Nyuma kwenye dramu ni haraka, cheki waya wa hendibreki kama unarudi wote na springi kama hazijachoka. Vumbi usilipulize kwa mdomo wala kompresa, lifute na kitambaa kibichi. Na diski ya moto usiimwagie maji.

Ukimaliza liendeshe kilomita tano bila kukanyaga breki kwa fujo, simama, pitisha mkono karibu na rimu zote nne bila kugusa. Linganisha kushoto na kulia. Joto likiwa sawa, mpe funguo.